Tumbo la Mnyama wa Kuruka

Sogea karibu, wewe unayenisikiliza, na kama kuna mtoto hapo ulipo mwite naye aje, maana haya yanahitaji mikono kuliko masikio. Kwanza tupike gundi. Koroga unga wa muhogo katika maji baridi, kisha uweke motoni na usiache kukoroga. Mwanzoni utaona kitu kama maziwa, halafu ghafla kitakuwa kizito na kung'aa kama kamasi ya mtoto mwenye mafua. Hapo epua. Wengi hukosea kwa kuanza na maji ya moto. Unga hujikusanya vidonge, na vidonge havigandishi kitu. Ukikosea usijilaumu, wape kuku, anza tena.

Nilijifunza hayo kwa kuyafundisha. Miaka mingi nilikuwa mwalimu wa kazi za mikono katika shule ya msingi, Bunia, mpaka vita vikaifunga shule na mimi nikabaki nyumbani, mtaa wa Ngezi, na mwanafunzi mmoja tu. Alikuwa mjukuu wangu, msichana aliyekuwa ameanza kung'oka meno ya mbele. Gundi tulipika kidogo kidogo wakati huo, kwa sababu unga ule ule ndio uliokuwa chakula cha mchana.

Inabidi nikueleze kwa nini alikuwa kwangu. Vita vyetu vilikuwa na pande mbili, na kila mtu alikuwa na upande wake hata kama hakuuchagua. Mimi na mwanangu tulikuwa wa upande ulioshika mji wakati ule. Mke wa mwanangu alikuwa wa upande wa pili. Walipooana hakuna aliyeuliza; mahari ilipokelewa, tukacheza mpaka vumbi likatushinda. Lakini mambo yalipoharibika, mwanangu alimtoa mkewe mjini akiwa amelazwa chini ya marobota ya vitenge, ndani ya lori la biashara liendalo Aru, mji wa mpakani. Mtoto siku hiyo alikuwa na malaria, analia na kutapika. Mtoto anayelia hawezi kufichwa chini ya vitenge. Wakamwacha kwangu, wakisema watatuma mtu kumchukua, na barabara ikafungwa nyuma yao.

Kwa vijana wa barieri, vile vizuizi vya barabarani, mtoto wa namna hiyo hakuwa mtoto wa baba yake. Alikuwa mtoto wa mama yake. Tulisikia yaliyowapata wengine, na sitayasimulia hapa mbele ya mtoto uliyemwita.

Basi kazi yangu ikawa moja tu: mtu yeyote asijue mama yake ni wa wapi, mpaka barabara ifunguke.

Nilifanya kazi hiyo kama mwalimu. Nilimwondolea jina alilopewa na bibi yake mzaa mama, nikabakiza la ubatizo. Tulifanya mazoezi ya majibu. Na kuhusu lugha ya mama yake, ambayo ilikuwa inamtoka usingizini, nilimtafutia mchezo. Tulichukua chupa, tukaibandikia karatasi za rangi ya fedha za paketi za sigara mpaka ikawa kama mnara, tukaichorea mlango mdogo kwa makaa. Hiyo ikawa nyumba ya maneno. Kila neno la mama alilolikumbuka alilinong'oneza mara moja ndani ya chupa, tukaziba kwa jani la mgomba.

"Yatalala humo mpaka Aru," nilimwambia.

"Hayatasikia njaa?"

"Maneno hayakulagi."

Alinitazama kwa mashaka. "Yale yangu yanakula," alisema, na siku iliyofuata nikakuta ametia chembe za wali chupani.

Toka hapo ufalme wote ukazaliwa. Nyuma ya jiko, penye udongo mwekundu, alijenga mji wa watu wenye mikia ya samaki, na mfalme wao akawa chura mwenye kofia ya kizibo cha chupa. Kulikuwa na daraja la njiti ambalo lilipitisha wenye kucheka tu. Mimi nilikuwa fundi wake. Karatasi za mitihani ya zamani tulizilowanisha, tukazitwanga, tukazichanganya na gundi, tukafinyanga vichwa. Ukitaka kujaribu, kamua maji vizuri kabla ya kutia gundi, la sivyo kichwa kitachukua wiki nzima kukauka na kitanuka.

Siku moja akasema, "Koko," yaani babu, "sasa nataka nyama ya kubeba batu."

"Nyama gani?" nilimwuliza, maana kwetu mnyama naye huitwa nyama.

"Ya kuruka. Barieri iko chini, yeye iko juu. Batakamata nini? Kivuli tu."

"Iko na kichwa ya nini?"

"Ya ng'ombe. Na mabawa ya kozi. Na tumbo kubwa, mama anaikala ndani."

Nikamwambia ng'ombe hapana, tuweke mbuzi. Akauliza kwa nini. Nikasema mbuzi ni mwepesi, ng'ombe atalemea mabawa. Ukweli ni kwamba ng'ombe, katika Ituri ya siku zile, hakuwa mnyama tu, alikuwa alama ya upande. Pembe zake zingesomwa na mpita njia kama tunavyosoma kibao cha duka. Ndivyo nilivyokuwa. Nilikagua rangi za vitambaa, kwa sababu wapiganaji nao walifunga vitambaa vichwani. Nilikagua manyoya, wasije wakasema mzee anatengeneza dawa ya vita. Hata chupa ya maneno niliificha chini ya kitanda, maana chupa iliyozibwa na kupambwa, mbele ya macho yenye hofu, si mchezo wa mtoto tena.

Tumbo sikulikagua. Mtoto alilisuka mwenyewe kwa njiti nyembamba na nyuzi za maganda ya mgomba, akiwa amekaa juu ya gunia, ulimi nje. Kulitoka kikapu kidogo cha duara, kimekaza vizuri ajabu. Nilimsifu. Mimi sijui kusuka vikapu. Kwetu ni kazi ya wanawake, na hata shuleni wasichana walisuka na mwalimu wa kike, wavulana wakafinyanga na mimi. Niliona tumbo zuri, basi. Tukalifunga kichwa cha mbuzi, mabawa ya manyoya ya kuku juu ya uti wa waya, mkia wa kipande cha turubai, na macho ya vizibo yaliyomfanya aonekane kama mtu aliyepewa habari asiyoiamini.

Ng'ambo ya ua wetu wa minyaa kulikuwa na nyumba ambayo wenyewe walikimbia. Muda si mrefu kabla ya hapo alikuwa amehamia mama mmoja, mjane kwa kumtazama, mwembamba, mwenye vidole virefu. Ni nani aliyempa ile nyumba, sikujua. Alifika bila mzigo wowote isipokuwa fungu la njiti, na kila siku alikaa mlangoni anasuka vikapu, lakini sikuwahi kumwona akienda sokoni kuviuza. Na mara kwa mara kijana mwenye bunduki, aliyemwita tantine, yaani shangazi, alikuja kula kwake. Nilimsalimu kama inavyopasa. Zaidi ya hapo niliweka maneno yangu mfukoni.

Asubuhi ile ambayo mnyama alikuwa anakauka juani, mama jirani alipitia pengo la ua akiwa na kigae mkononi.

"Hodi, Muzee! Moto iko?"

"Iko, Mama. Karibu."

Hakwenda jikoni. Alisimama juu ya ufalme. "Eh! Na hii ni kuku ao ni ndege ya askari?"

"Haiko kuku," mjukuu wangu akasema. "Iko nyama ya kuruka. Usishike bawa, gundi bado mubichi."

"Pardon, madame." Akamwinua mnyama kwa adabu, kwa mikono miwili, na kisha akafanya kitu ambacho mimi sikuwa nimekifanya. Alimgeuza chini juu. Kidole chake kikafuata mzunguko wa tumbo, kutoka ukingoni kuja ndani, ndani, mpaka katikati, kikasimama.

"Weye njo ulisuka tumbo?"

"Njo miye."

"Nani alikufundisha kuanza hivi?"

Mtoto akanitazama. Tulikuwa na jibu la mama, jibu la jina, jibu la kanisa. La swali hilo hatukuwa nalo.

"Koko," akasema.

"Koko!" Mama jirani akacheka, na meno yake yalikuwa mazuri. "Muzee anasuka vikapu! Ngezi yote itakuja kuangalia. Utanifundisha na miye?"

"Ni kazi ya masomo, Mama. Mwalimu anafundisha kila kitu."

"Kila kitu," alirudia polepole, huku akimrudisha mnyama chini, tumbo likiwa limefunikwa. Alichukua makaa, akashukuru, akaenda. Ndipo nilipoangalia juu ya minyaa. Moshi ulikuwa unatoka jikoni kwake, mzito, wa moto uliowashwa zamani. Basi alikuja kuchukua nini?

Nilimwuliza mtoto, na kabla hajamaliza nilijua. Mama yake ndiye aliyemfundisha, wakikaa pamoja, kabla ya vita.

Nikaingia ndani, nikashusha kikapu cha marehemu mke wangu kilichokuwa kinaning'inia na vitunguu vyake, nikakigeuza. Sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penye kazi. Mke wangu, kama wanawake wote wa upande wetu, alianza kwa kupanga njiti nne juu ya njiti nne, msalaba, kisha akazitandaza kama miale na kupitisha uzi juu, chini, juu, chini. Kitako chake katikati kina msalaba. Mjukuu wangu alianza kwa fundo. Alichukua nyuzi chache, akazifunga fundo dogo, akalizungushia njiti moja kama gamba la konokono, kila mzunguko ukishonwa kwenye mzunguko uliotangulia. Katikati hakuna msalaba, kuna jicho. Vikapu vikijaa unga vinafanana kabisa. Mwanamke yeyote wa Ituri akikigeuza anajua jiko gani limekizaa.

Nilikuwa nimeufunga mdomo wake kwa ufundi mkubwa, na mikono yake ilikuwa inaongea mchana kutwa mbele ya mji mzima.

Nilikaa chini nikajaribu kulifumua tumbo. Mtoto alipiga kelele hivi kwamba mbuzi wa jirani wa upande mwingine alijibu.

"Koko! Unamutoa matumbo!"

"Nataka kumutengeneza."

"Haiko mugonjwa! Weye njo mugonjwa!"

Niliacha. Kelele nazo zina masikio ya kuzisikia. Nikamweka mnyama juu ya paa la jiko, chini ya jua, nikijiambia usiku nitamchoma mnyama huyo, mtoto akiwa amelala, kisha nitatunga hadithi. Walimu hatukosi hadithi.

Tuliporudi kutoka kuchota maji, mnyama hakuwepo. Paa lilikuwa tupu, na unyoya mmoja wa kuku ulikuwa umelala chini karibu na pengo la ua.

Mtoto aliangusha kidumu chake, akaanza kucheza. "Iliruka! Nilikuambia! Iliruka, Koko, imeenda kuleta mama!"

Alicheza akizunguka jiko, na mimi nilisimama na maji kichwani nikitazama ule unyoya. Nadhani katika maisha yangu sijawahi kumwona mtu mwenye furaha kiasi kile nikiwa na hofu kiasi kile.

Toka saa ile kila kitu cha mama jirani kilikuwa ushahidi. Akifagia mapema, alikuwa ameamka kutupeleleza. Akichelewa, alikuwa amekwenda kusema. Mlango wake, ambao siku zote ulikuwa wazi wakati wa kusuka, sasa ulifungwa, na nilisikia njiti zikivunjwa ndani. Yule kijana wa bunduki alikuja, wakaongea kwa sauti ya chini, kisha kijana akageuza shingo na kutazama kwetu. Kwa nini atazame? Labda mbu alimwuma shingoni. Nilifunga kifurushi: nguo za mtoto, vidonge vyake, chupa ya maneno. Nilifikiri kupita shamba la migomba hadi kwa masista, lakini katikati kulikuwa na barieri mpya, na mtu anayehama na mtoto mchana kweupe anajibu maswali ambayo hayajaulizwa.

Tulikutana na mama jirani njia ya kisima.

"Muzee, mambo?"

"Ya kawaida, Mama."

"Na nyama yetu inaendelea?" Alimwuliza mtoto, si mimi. Nyama yetu!

"Iliruka," mtoto akasema kwa fahari.

"Ah bon! Usilie. Nyama ya kuruka inarudi kwa mwenye kuilisha."

Mtoto alifurahi. Mimi niligeuza maneno hayo njia nzima kama mtu anayegeuza hindi motoni. Mwenye kuilisha? Alikuwa anataka kulishwa? Ilikuwa bei? Jioni ile nilimpelekea bakuli la sombe, yaani kisamvu, la ukarimu kupita uwezo wetu. Alipokea mlangoni bila kufungua mlango wote, akasema aksanti, akafunga.

Asubuhi moja walikuja. Hatukusikia risasi, tulisikia milango. Walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba, wakisema wanatafuta watu waliofichwa. Kwetu waliingia wawili: yule kijana wa mama jirani, aliyekwepa macho yangu, na mkubwa wake, mwanaume mwenye miwani myeusi na redio ndogo shingoni isiyosema kitu. Mkubwa alitazama chini ya kitanda, akaona kifurushi.

"Muzee anasafiri?"

"Nguo za kufua."

Akaigusa chupa ndani ya kitambaa. Nikamwambia dawa ya kikohozi ya mtoto. Hakufungua. Alichuchumaa mbele ya mjukuu wangu, akavua miwani. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Weye, mama yako iko wapi?"

"Iko Aru. Anauza vitenge."

"Mama yako ni mutu ya wapi?"

"Ya Aru. Nilikuambia."

"Kabla ya Aru?"

Mtoto akafikiri. Niliona midomo yake ikijiandaa, na sikujua itatoa nini. Hapo sauti ya mama jirani ikaingia kabla yake, kutoka penye pengo la ua, kubwa na ya kugomba kama ya mtu sokoni.

"Muzee! Panya za Ngezi hazina adabu! Zilivuta nyama ya mutoto mupaka kwangu, chini ya kitanda!"

Alikuwa amemshika mnyama wetu kifuani. Alikuwa amemleta hapa, mbele ya watu hawa, mchana huu. Nilisema moyoni: ndiyo hii. Ndiyo siku aliyokuwa anaingoja.

Mkubwa alinyoosha mkono, akampokonya. Alimtazama mbuzi yule machoni, akacheka kwa pua. Kisha akafanya kile ambacho kila mtu isipokuwa mimi alijua kukifanya. Alimgeuza.

"Nani alisuka hii?"

"Miye," mtoto akasema.

"Alikufundisha nani?"

"Koko."

Kidole chake kikaingia katikati ya tumbo. Kilitembea juu, kikashuka, kikatembea kushoto na kulia. Kilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia.

"Mama yangu anaanzaga hivi hivi," alisema, na hakuwa anamwambia mtu yeyote. Akavaa miwani. "Na inaruka?"

"Inaruka," mjukuu wangu akasema. "Lakini haibebi bunduki. Bunduki iko nzito."

Nilifumba macho. Yule kijana alikohoa kuficha kicheko, na mkubwa akamtazama mtoto, akamrudishia mnyama wake. "Basi siye tutatembea na miguu," alisema. Wakatoka, na tukasikia mlango wa nyumba iliyofuata.

Mama jirani naye alikuwa ameshageuka kuondoka. Nilimchukua mnyama mikononi mwa mtoto. Mabawa yalikuwa yamerudishwa upande, la kushoto juu kidogo kuliko la kulia. Waya ulifungwa kwa fundo ambalo si langu. Nikageuza. Katikati ya tumbo kulikuwa na njiti nne juu ya njiti nne.

Nilimfuata mpaka penye minyaa.

"Mama. Tumbo hili nani alilitengeneza?"

"Panya ilikula chini, Muzee. Nikashona."

"Panya."

"Panya." Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Na bakuli yako nitarudisha, nilisahau kuosha."

Ungefikiri kwamba hapo niliacha kumshuku. Sikuacha, na nakuambia ukweli kwa sababu hofu haifumuliki upesi kama kikapu. Nilijiuliza kwa nini ajihatarishe kwa mtoto asiye wake. Nilijiuliza kwa nini hakuniambia neno, akaniacha nikonde. Labda naye alikuwa ananishuku mimi: mzee wa upande wenye nguvu, mwalimu, anayejua watu. Na lilikuwapo swali kubwa zaidi, nililolizunguka bila kuligusa. Mtu anayetambua mwanzo wa watu wengine kwa ncha ya kidole amekaa jikoni kwao. Amekaa muda gani, na kama nani?

Alirudisha bakuli likiwa na mayai mawili ndani. Tuliendelea kusalimiana. Halafu, mji ulipotekwa tena na watu wakakimbia kila upande, nyumba yake ikawa wazi. Niliingia, naungama kwamba niliingia haraka. Vikapu vyake vyote vilikuwa vinaning'inia ukutani. Niligeuza kimoja baada ya kingine. Vyote vilianza kwa msalaba, kama vya mke wangu, ila vizuri mno, bila kosa hata moja, kama mtu anayeongea lugha aliyojifunza ukubwani na anaogopa kukosea. Nilivirudisha ukutani jinsi vilivyokuwa, nikafunga mlango. Sijui alikokwenda.

Barabara ya Aru ilipofunguka nilimpeleka mtoto mwenyewe, juu ya lori, yeye akiwa na mnyama mapajani na kila barieri akimwinua juu kidogo, ili apite hewani. Mama yake alitupokea mbele ya duka la vitenge. Alimkumbatia mtoto mpaka nikafikiri atamvunja. Kisha akakiona kile kitu chenye pembe, akakichukua, na unajua alichofanya.

Uso wake ukakunjamana.

"Nani alikufundisha kuanza hivi?"

"Hakuna," mtoto akasema. "Iliruka, ikarudi na tumbo mupya."

Mkwe wangu akanitazama, na nilitambua jicho lile, maana nilikuwa nimelivaa mwenyewe muda mrefu. Jicho lilisema: mmemfundisha mwanzo wa kwenu. Mmemfumua. Alimweka mnyama nje ya kizingiti, kwa adabu lakini nje, na mnyama akakaa huko mpaka nikamaliza kueleza. Ilinichukua chai mbili na giza la magharibi. Mwisho alitoka akamleta ndani, akamweka juu ya robota la vitenge, bado bila kusema kama ameamini. Mtoto alifungua chupa ya maneno, akaiweka sikioni mwa mama yake. Ilitoa harufu ya wali uliooza. Wote wawili walicheka, na nikasikia lugha ile ikianza, polepole, kama bomba lililokaa bila maji.

Mnyama yule bado yupo. Macho yake yamebadilishwa, mabawa yameliwa na nondo, ila tumbo ni lile lile. Ninapofundisha watoto sasa, wasichana kwa wavulana, nafundisha mianzo yote miwili. Wa pili alinifundisha mkwe wangu, akinicheka vidole. Siulizi mtoto yupi ni wa wapi. Naacha achague.

Sasa gundi yako imepoa. Loweka njiti nane ndefu kama mkono wako mpaka zipinde bila kuvunjika. Panga nne juu ya nne, au ukipenda funga fundo dogo la uzi. Bana katikati kwa kidole gumba, mpe mtoto ncha ya uzi, na mwambie azungushe kutoka ndani kwenda nje.